Kufundisha inchi jirani: makaratasi ya kutayarisha mbele ya kuvuka mupaka

Walimu wengi wa Kivu, Ituri na Tanganyika wanatafuta kazi Uganda, Tanzania ao Kenya. Huko Kifaransa kinafundishwa katika mashule mengi ya watu binafsi, na Mukongomani anakijua tangu utoto. Lakini mwalimu mwenye kuenda mbio mbio anaweza kupoteza mara mbili: kazi ya huko na matrikule ya hapa.

Sababu za kuenda zinajulikana. Mushahara wa Serkali hautoshi. Tena kuna wale wanaoitwa NU, wenye kufundisha miaka bila jina lao kuingia kwenye listi ya malipo. Tangu masomo ya msingi yawe bila malipo katika mashule ya Serkali, mwaka 2019, mwalimu wa namna hiyo hana hata prime ya wazazi ya kumusaidia. Kwa hiyo, wakati rafiki anamupigia simu kutoka Kampala ao Kigoma kwamba kuna nafasi, anafunga mizigo.

Kuvuka mupaka si ruhusa ya kazi

Kosa la kwanza linaanzia hapo. Jeton ya mupaka, laissez-passer ao visa ya matembezi inamuruhusu mutu kuingia na kukaa siku fulani. Haimuruhusu kulipwa mushahara. Kwa kazi, kila inchi inaomba kibali chake.

Watu wengi wanafikiri jambo hilo limekwisha kwa sababu Kongo iko sasa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli, Kongo iliingia rasmi tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 2022. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya hiyo haikufuta kibali. Inasema kwamba mfanyakazi mwenye mukataba wa kupita siku 90 anapaswa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi kisha kutia sahihi. Kila inchi pia ilichagua aina za wafanyakazi inaowafungulia mlango. Na kazi za Serkali hazimo, isipokuwa sheria ya inchi yenyewe ikubali. Kwa hiyo mwalimu asifikiri anaweza kuingia shule ya Serkali ya jirani sawa vile anaingia soko.

Tanzania inafuata sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Mugeni anahitaji karatasi mbili: kibali cha kazi kinachotoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kinachotoka Uhamiaji. Moja bila ingine haitoshi. Kenya, mwalimu wa kuajiriwa anaomba kibali cha kazi. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 2011 inasema mugeni mwenye kufanya kazi bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya mpaka shilingi 500 000 za Kenya, ao kufungwa mpaka miaka 3, ao vyote viwili. Kisha anaweza kurudishwa kwao.

Diploma peke yake haitoshi

Kibali cha kazi kinamuangalia mugeni. Karatasi ingine inamuangalia mwalimu. Kenya, sheria ya Tume ya Walimu, TSC, ya mwaka 2012 inakataza mutu yeyote kufundisha kama hajaandikishwa na tume hiyo. Shule ya mutu binafsi nayo inafungwa na sheria hiyo. Shule yenye kumuajiri mutu asiyeandikishwa inavunja sheria, na mwalimu pia.

Hapo diploma ya Serkali, D6, ao ile ya G3 ya ISP inakutana na shida. Mukubwa wa shule huko hajui G3 ni nini. Ni lazima diploma itafsiriwe kwa Kiingereza na ilinganishwe na kiwango cha inchi ile. Uganda, diploma za sekondari zinalinganishwa na UNEB, na zile za chuo kikuu na NCHE. Kazi hiyo inaomba pesa, muda, na karatasi za asili pamoja na bulletins ao relevés. Mwenye kuacha karatasi zake Bukavu ao Bunia atajuta.

Nani anashika hatari?

Tuseme mwalimu wa Kifaransa anaitwa na shule fulani. Direkta anamuambia: anza kwanza, kibali tutaona kisha. Hakuna mukataba wa maandishi. Mwezi wa kwanza analipwa, wa pili anapewa nusu, wa tatu hakuna kitu. Akiuliza, direkta anamukumbusha kwamba hana kibali.

Aende kulalamika wapi? Ofisi ya kazi ni ofisi ya Serkali. Akifika pale, jambo la kwanza wanaloomba ni makaratasi. Kwa kudai haki yake anajifichua mwenyewe. Ndiyo sababu kibali kina bei kuliko ahadi ya mushahara mukubwa: bila kibali, mwalimu hana sauti mbele ya mwenye kumuajiri.

Hata mwenye kibali afahamu kwamba kimefungwa kwa muajiri moja. Kenya na Tanzania ni hivyo. Akitoka shule hii kuenda ile ya jirani yenye kulipa muzuri, kibali cha zamani hakimufuati. Shule mupya inapaswa kuomba kingine mbele aanze.

Fimbo inaweza kumupeleka mahakamani

Kuna hatari ingine ambayo walimu hawaifikirie. Kenya, adhabu ya viboko shuleni imekatazwa tangu mwaka 2001, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 inaweka faini ya mpaka shilingi 100 000, ao kifungo cha mpaka miezi 6, ao vyote viwili. Uganda nayo iliikataza katika sheria ya watoto iliyobadilishwa mwaka 2016. Mwalimu mwenye kuzoea chicotte na kupiga magoti anaweza kushitakiwa na muzazi siku moja, na mugeni hana jamaa wa kumusimamia.

Na matrikule ya nyumbani?

Mwaka wa masomo Kongo unaanza mwezi wa 9. Uganda, Tanzania na Kenya, unaanza mwezi wa kwanza ao wa pili. Kwa hiyo mara nyingi mwalimu anaitwa wakati darasa lake liko katikati ya mwaka. Akiondoka kimya, anahesabiwa kuwa ameacha kazi, na jina lake linaweza kutolewa kwenye listi ya DINACOPE, ile iliyochukua nafasi ya SECOPE. Miaka ya utumishi iliyomuhesabia kwa pension inaingia katika hatari. Kurudisha jina si kazi ya juma moja: wako NU wengi wanaongojea.

Wengine wanafanya mbinu. Wanaacha mutu darasani, jina linabaki, mushahara unaingia banki, wanagawana na mukubwa wa shule. Hiyo ni udanganyifu. Kwenye kontrole anaitwa mwalimu wa uongo, fictif, na anaweza kudaiwa pesa yote aliyokula.

Njia ya sheria iko: kuomba kwa maandishi, kupitia direkta ao prefe mpaka Sous-PROVED, ruhusa inayoitwa mise en disponibilité, na kungojea jibu lenye muhuri.

Kwa wenye kukimbia vita

Mwalimu mukimbizi yuko katika hali ingine. Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamupa mukimbizi haki ya kutafuta kazi. Lakini diploma yake bado inapaswa kulinganishwa. Tanzania, wakimbizi wanakaa kambini, na kutoka kunaomba ruhusa. Katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kuna mashule yanayofuata programu ya Kongo, na walimu wakimbizi wanafundisha pale kwa posho ndogo.

Mambo ya kufanya mbele ya safari

– Kuomba mukataba wa maandishi wenye jina la shule, mushahara, feza gani, siku ya malipo na muda wa kazi.
– Kuuliza nani anaomba kibali na nani anakilipa. Kenya na Tanzania, shule ndiyo inaomba.
– Kutofundisha hata siku moja kama kibali hakijatoka.
– Kutayarisha diploma, relevés, karatasi ya casier judiciaire na attestation de service, na kuacha kopi kwa jamaa.
– Kutomuachia direkta pasipoti. Aione, apige kopi, airudishe.
– Kuuliza kama mushahara unakatwa kwa kaisse ya pension ya huko, na kushika namba yake.
– Kuacha barua Sous-PROVED, na kubaki na kopi yenye accusé de réception.

Hiyo kopi ya mwisho ni karatasi moja tu. Lakini siku mambo ya huko yatavunjika, ndiyo mwalimu ataonyesha kwamba hakutoroka darasa lake.