Je, Wajua? Holi huanza kwa moto

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wa Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, hupumzisha taa zao, maana mbalamwezi hutawanya samaki. Mwezi mpevu wa Februari au Machi ndio huleta Holi ya Wahindu. Wahindu wengi wa Tanzania wana asili ya Gujarat, na kwao usiku wa kwanza ni wa moto: huuzunguka, pengine wakiwa wamembeba mtoto aliyezaliwa mwaka huo, na kuutupia nazi, tende na bisi. Humkumbuka Holika wa masimulizi ya Kihindu, aliyeteketea motoni huku Prahlad, mtoto wa kaka yake, akisalimika. Rangi ambazo watu hurushiana, zinazopendwa na wapiga picha, ni za kesho yake, siku ya Dhuleti. Mvua ya Machi si kizuizi. Rangi nyingine hurushwa zikiwa zimechanganywa na maji.