Je, Maisha Yana Maana Pasipo Thawabu ya Mbinguni? (Sehemu ya Pili: Ushahidi wa Rungwe na Kalenga)

Katika sehemu ya kwanza nilieleza hoja ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, kanisani na madrasani: mwanadamu akiondolewa Mungu na uzima wa milele, kinachobaki ni kula, kuzaa na kuoza. Wiki hii naipima. Wanaoipima hoja hii kwa kawaida hukimbilia Ulaya, kwa Nietzsche na Camus, na huko husikiliza watu waliozaliwa ndani ya jamii iliyomjua Mungu kisha wakamkosa. Ushahidi wao ni wa wafiwa. Nyanda za Juu Kusini tunao ushahidi wa namna nyingine. Hapa waliishi watu waliojenga maisha yenye uzito kabla ya kusikia habari za hukumu na pepo, na maisha hayo yakaandikwa wakati wazee waliokulia ndani yake wangali hai.

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule Waluteri wa Berlin walipoanza kazi katika nchi hiyohiyo ya Wanyakyusa. Mwaka 1934 akaja Mwingereza Godfrey Wilson, na mwaka uliofuata mkewe Monica, aliyezaliwa katika familia ya wamisionari huko Afrika Kusini. Walikaa na Wanyakyusa hadi 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na kazi ya kuandika ikabaki kwa Monica, aliyeifanya kwa miaka mingi; kitabu chake kikuu cha kwanza juu ya Wanyakyusa, Good Company, kilitoka 1951. Monica alikuwa Mkristo wa dhati hadi kufa kwake mwaka 1982. Nalitaja hilo kwa sababu hakuwa na haja yoyote ya kuwapamba watu wasio na dini yake.

Alichokiandika kinastahili kusomwa polepole. Mtoto wa kiume wa Kinyakyusa alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani kwa baba yake. Hakwenda mbali. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao pembezoni, wakalala huko, na wakati wa kula wakaenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Vibanda hivyo vilikua pamoja nao. Walipooa, wake zao waliletwa hapohapo, na kundi la wavulana likawa kijiji cha watu wazima. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa ambayo kwayo kizazi cha akina baba kiliwakabidhi wana uongozi na ardhi. Mwanamume aliishi, akalima, akanywa pombe na akazeeka akiwa na watu walewale aliochunga nao ng'ombe utotoni.

Ushirika huo wa kuishi na wenzako vizuri, kula nao, kuzungumza nao kwa heshima na furaha, waliuita ukwangala. Kwao haukuwa starehe ya baada ya kazi. Wazee waliwaeleza akina Wilson kwamba mtu hupata busara kwa kuketi na wenzake na kuzungumza. Anayekula peke yake hubaki mjinga hata akiwa tajiri. Ng'ombe walikuwa wengi, migomba ilijaa, mvua ya Rungwe haikosi, lakini mali hiyo yote ilikuwa na thamani kwa kadiri ilivyowakusanya watu. Ukimuuliza mzee wa aina hiyo anaishi kwa ajili ya nini, jibu lake linaonekana kwa macho: wamekaa pale barazani, wanamngoja.

Na nani aliyemzuia mtu asitende uovu, ikiwa hapakuwa na moto wa milele? Majirani. Mtu aliyemtusi mkwewe, aliyewatelekeza wazazi au aliyewanyima wenzake karamu iliyowastahili, alinung'unikiwa. Wanyakyusa waliamini kwamba manung'uniko hayo yana nguvu. Pumzi ya watu humshukia mkosaji kama baridi, akaugua yeye au mwanawe. Tiba ilikuwa kuchinja, kuwalisha majirani na kuwasikiliza wakiyatamka waziwazi yaliyokuwa moyoni, kisha wakasamehe. Sifichi kwamba mfumo huo ulikuwa na upande mbaya. Imani hiyohiyo ilizaa shutuma za uchawi, watu wakanyweshwa mwavi na kufukuzwa katika vijiji vyao. Lakini anayedai kwamba pasipo Mungu hakimu hapawezi kuwapo wema wala haya, ana deni la kueleza jinsi Rungwe ilivyoishi.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni zito: Wanyakyusa walikuwa na mizimu, na walikuwa na Kyala, jina ambalo leo Wakristo wa Rungwe na Kyela humwitia Mungu. Ni kweli. Ila kwa maelezo ya Monica Wilson, Kyala wa zamani alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale waliotambikiwa, kama Lwembe aliyekuwa na msitu wake wa tambiko huko Lubaga. Ni mahubiri ya wamisionari yaliyompandisha juu akawa Muumba wa vyote. Kuhusu mizimu, tazama iliishi wapi na ilifanya nini. Ilikaa chini ya ardhi, wema na wabaya pamoja, pasipo hukumu. Hakuna aliyeishi vyema ili apate nafasi nzuri huko chini. Tena matambiko ya mazishi yalilenga kwanza kumtenga mfiwa na marehemu wake, kwa kuwa iliaminika kwamba anayeganda na mfu hupatwa na wazimu. Baada ya hapo ndipo marehemu alipokaribishwa tena, akiwa mpole, alete uzazi na mavuno.

Godfrey Wilson aliandika pia jinsi mazishi yenyewe yalivyokuwa. Wanawake waliomboleza wakiuzunguka mwili. Wanaume walicheza ngoma ya vita, mikuki mikononi, na vijana wakaichangamkia hadi ugomvi na mapenzi vikaanza papo hapo msibani. Wageni wa Ulaya waliona ni utovu wa heshima. Wenyewe walieleza kwamba huzuni na hofu huwasha vita moyoni, na vita hiyo lazima ichezwe. Mimi naona hapo watu waliokikabili kifo bila kukipunguza ukali na bila kuahidiwa fidia, wakakijibu kwa kukusanya nguvu yote ya uhai waliyokuwa nayo.

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini za Kiafrika, aliuona mpangilio huu mahali pengi barani. Kwa maelezo yake, marehemu huendelea kuwa mtu maadamu wapo wanaomtaja kwa jina, vizazi vinne au vitano, kisha huzama katika zamani. Angalia mwelekeo wa hoja hiyo. Sisi leo tunasema ahera ndiyo inayoyapa maana maisha ya hapa. Kwao walio hai ndio waliowapa wafu uhai. Okot p'Bitek wa Uganda alikwenda mbali zaidi miaka michache baadaye. Aliwalaumu wataalamu, Mbiti akiwamo, kwa kuivalisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani, na akashikilia kwamba Waacholi walishughulika na maradhi, njaa na uzazi, wala suala la Muumba wa ulimwengu halikuwasumbua. Wanazuoni hawa wawili hawakukubaliana kuhusu Mungu, lakini hakuna kati yao aliyewahi kudai kwamba mababu zao waliishi bure.

Tukivuka kwenda Iringa, wajibu huo wa walio hai kwa wafu wao unasimama wazi katika historia inayojulikana na kila mtoto wa shule. Tarehe 19 Julai 1898, Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akiwa amezungukwa na Wajerumani baada ya miaka minne ya kuwindwa tangu kuanguka kwa ngome ya Kalenga, alijipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, likakabidhiwa na Gavana Edward Twining kwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Wakati huo makanisa yalikuwa yameshaota mizizi Uhehe. Mkristo angeweza kusema roho ya Mkwawa iko kwa Muumba, fuvu ni mfupa tu. Wahehe hawakusema hivyo. Mtu wao alikuwa hajarudi nyumbani, na wajibu wa kumrudisha ulikuwa juu ya walio hai, hata ipite miaka 56.

Tolstoy, akikaribia umri wa miaka hamsini, akiwa na sifa, mali na familia, alijikuta akiuliza kama lipo lolote maishani mwake ambalo kifo hakitalifuta, na swali hilo nusura limuue. Naliheshimu sana. Hata hivyo naafikiana na Mmarekani Thomas Nagel, aliyeandika mwaka 1971 kwamba urefu wa muda hauwezi kutatua tatizo hili: maisha yasiyo na maana kwa miaka sabini yatakuwa hayana maana vilevile yakidumu milele. Kumlea yatima ama ni jambo jema leo, au halitakuwa jema hata kidogo. Wala msomaji asidhani kwamba fikra hii ni ya wasioamini. Afungue kitabu cha Mhubiri. Mwandishi wake anasema mwisho wa mtu na wa mnyama ni mmoja, hatoi ahadi yoyote ya mbinguni, na bado anamwagiza msomaji ale kwa furaha, apendane na mkewe na afanye kazi kwa nguvu zake. Waislamu nao wana hadithi ya Mtume inayomwagiza mwenye mche mkononi aupande hata Kiama kikiwa kimesimama. Mche huo hautazaa, hautamfaa mtu, na bado unastahili kupandwa.

Sasa nije kwa upande ambao hoja yangu inapata shida. Euphrase Kezilahabi, katika Kichwamaji ya 1974, alimchora Kazimoto, msomi asiyeweza tena kuamini walichoamini wazazi wake wala kukaa nao kama mmoja wao, na riwaya inaishia kwa yeye kujiua. Wengi humsoma Kazimoto kama onyo kwa anayemwacha Mungu. Mimi naona msiba wake mkubwa zaidi ni kwamba amepoteza watu. Lakini nikisema hivyo lazima nikubali linalofuata: ikiwa maana ya maisha hutoka kwa watu wako, basi asiye na watu amehukumiwa.

Na wasio na watu walikuwapo, papa hapa. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyefanya kazi Utengule, Usafwa, aliandika masimulizi ya wanawake waliotekwa katika biashara ya watumwa mwishoni mwa karne ya 19, wakauzwa, wakabadilishwa kutoka mkono hadi mkono, wakazaa watoto walionyang'anywa. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachapisha upya na kuyachambua katika kitabu cha 1993. Wanawake hao hawakuwa na rika wala baraza. Hakuna jirani ambaye angenung'unika kwa niaba yao, kwa kuwa hawakuhesabiwa kuwa majirani wa mtu. Kituo cha misheni kiliwapa vitu viwili kwa pamoja: Mungu anayemjua kila mtu kwa jina lake, na kijiji cha kuishi. Sijui msomaji mwaminifu anayeweza kuyasoma maisha yao kisha akasema dini haikuwaongezea kitu. Iliwapa kile ambacho ukwangala uliwanyima.

Nimeyafikiria haya hasa kwa sababu ya yale mkoa wa Iringa na jirani zake waliyoyapitia. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta maambukizi ya VVU ni asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, kulikuwa na vijiji vilivyozika wiki baada ya wiki, na bibi waliobaki na wajukuu bila hata mzazi mmoja. Mahubiri yaliwafariji wengi, nami ni mtu wa kanisani, sitayadharau. Ila aliyetaka kujua kilichovishikilia vijiji visisambaratike angetazama vikundi vya kufa na kuzikana. Kila kaya ilichanga fedha, unga na kuni. Wanaume walichimba kaburi, wanawake walipika, na asiyetokea misibani alitozwa faini. Mkatoliki, Mluteri, Mwislamu na mzee asiyekanyaga popote waliandikwa kwenye daftari moja, na daftari halikuwa na safu ya kuuliza marehemu aliamini nini.

Kwa hiyo nakataa kumwambia jirani yangu asiyeamini kwamba maisha yake hayana maana. Anachimba kaburi la mtoto wa mwenzake kwa mikono ileile ninayochimbia mimi, na anamlea mjukuu wake bila kungoja taji. Imani yangu haihitaji kumfanya yeye awe mtupu ili iwe ya kweli.

Lakini mtoto aliyelala ndani ya kaburi hilo hakupata rika, hakupata baraza, hakupata muda wa kupanda mche wowote. Sisi tuliobaki tunaweza kumtaja jina, kumlipa hatuwezi. Hapo ndipo naona asiyeamini na mimi tunaachana kweli, na suala la kama haki ya mtoto huyo inadai ahera ndilo nitakaloanza nalo wiki ijayo.

Itaendelea.