Mtoto mwenye usonji Brussels: wazee, msifiche uzito wa nyumbani

Wazee wengi wa Kiswahili waliopo Brussels, wawe wametoka Unguja au Buyenzi kule Bujumbura, wakiulizwa hali ya mtoto wao mwenye usonji hujibu, "Alhamdulillahi, tunaendelea." Kwa jirani ni jibu zuri. Kwa daktari anayekadiria posho ni hasara.

Posho ya ziada ya mtoto mwenye ulemavu, aliye chini ya miaka 21, huombwa kwenye mfuko ule ule unaolipa posho ya kawaida ya watoto, kama Famiris. Daktari hutoa alama, na jumla yake ni 36. Alama 6 ni za ulemavu wenyewe. Nyingine 12 ni za kujifunza, kuwasiliana, kutembea na kujihudumia. Zilizobaki 18, yaani nusu nzima, ni za mzigo wa familia: matibabu yanayofanywa nyumbani, safari za hospitali, maisha yaliyobidi kubadilishwa. Mama asiyepata usingizi na aseme. Aliyeacha kazi, vivyo hivyo. Si kulalamika huko.

Uchunguzi hufanywa kwenye vituo vya hospitali kama Saint-Luc na UZ Brussel. Foleni ni ndefu, basi jiandikisheni mapema.

Misaada mingine ina milango miwili: Phare kwa Kifaransa, VAPH kwa Kiholanzi. Shule pia: upande wa Kiholanzi upo mkondo maalumu, aina ya 9, kwa wenye usonji wasio na ulemavu wa akili, upande wa Kifaransa hauna. Ulizeni kabla ya kuchagua lugha ya shule.

Na wiki mbili kabla ya miadi, wekeni daftari: saa alizolala mtoto, safari za daktari, siku mliyoitwa shuleni.