Je, Wajua? Ukungu Mweupe wa Supagluu

Ukungu mweupe unaobaki kwenye vioo vya modeli ya daladala iliyoungwa kwa supagluu si uchafu wa mikono. Ni mvuke wa gundi yenyewe. Gundi hii hukauka kwa kukutana na unyevu, na hewa ya Segerea, jijini Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, imejaa unyevu. Mvuke huganda na kutua juu ya plastiki. Polisi huutumia mvuke huohuo kuibua alama za vidole!

Ili kuuzuia ukungu huo, tia tone dogo la gundi, washa feni, na vioo vibandike mwishoni kwa gundi nyeupe ya mbao. Doa likishatokea, lisugue taratibu kwa msasa laini sana, kisha paka vanishi angavu. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha iache kabisa: huyeyusha gundi, lakini huyeyusha na plastiki ya modeli nyingi.