Macho ya Angani Yahitaji Wasomi wa Visiwani

Tangu mwaka 2008 picha za setilaiti za Landsat hutolewa bure kwa ulimwengu mzima. Lakini picha haina faida pasipo mtu wa kuisoma. Kwa hiyo hatuna budi kuupongeza ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Ardhi na Sokoine, na kile cha Turku, Finland, katika kufundisha elimu ya ramani na habari za ardhi.

Mikoko inakatwa, fukwe zinamegwa na bahari. Tunazisihi wizara zinazohusika ziwaajiri vijana hao, na ramani zao zitazamwe kabla ya kibali cha ujenzi wa pwani kutiwa saini. Elimu ikifungiwa kabatini, bahari haitatungoja.