Matamshi ya Kiitaliano kwa mzungumzaji wa Kiingereza: irabu za mwisho na konsonanti ndefu

Mzungumzaji wa Kiingereza anapoanza kujifunza Kiitaliano, aghalabu hushughulikia kwanza sauti ambazo lugha yake haina, hususan kimadende *r*. Hata hivyo, *r* iliyotamkwa kigeni humtambulisha tu kuwa mgeni. Ni nadra kupotosha maana. Yanayopotosha maana ni mazoea mawili ya Kiingereza ambayo mwenyewe huwa hayatambui: kufifisha irabu zisizo na mkazo na kutozingatia urefu wa konsonanti.

Irabu

Katika Kiingereza, irabu ya silabi isiyo na mkazo mara nyingi hupoteza sifa yake. Neno *banana* lina *a* tatu, lakini ya kati pekee ndiyo husikika kikamilifu. Nyingine mbili huwa irabu hafifu ya katikati ya kinywa. Kiitaliano kina neno hilohilo, kwa tahajia na maana ileile, ila *a* zote tatu husikika waziwazi, kama ambavyo Mswahili angezisoma.

Kasoro hii si ya lafudhi tu, kwa kuwa nomino nyingi za Kiitaliano huonyesha jinsia na idadi kwa irabu ya mwisho, ambayo kwa kawaida haina mkazo. *Ragazzo* ni mvulana, *ragazza* msichana, *ragazzi* wavulana, na *ragazze* wasichana. Anayefifisha irabu hiyo hutamka mzizi na kuiacha sarufi. Ni kama mtu anayesema Kiswahili huku akimeza viambishi ngeli: msikilizaji hubaki akikisia iwapo ametajiwa mtoto au watoto.

Irabu nyingine, badala ya kufifia, huongezewa mkia. *No* ya Kiingereza huanzia kwenye *o* na kuishia karibu na *u*; *no* ya Kiitaliano hubaki *o* hadi mwisho.

Konsonanti

Konsonanti inapoandikwa mara mbili katika Kiitaliano, sauti yake hushikiliwa kwa muda mrefu zaidi, na irabu yenye mkazo inayoitangulia hufupishwa. Linganisha:

- *pala* 'beleshi' / *palla* 'mpira'
- *sete* 'kiu' / *sette* 'saba'
- *nono* 'wa tisa' / *nonno* 'babu'
- *ano* 'tundu la haja kubwa' / *anno* 'mwaka'

Jozi ya mwisho ni ya kuangaliwa sana, maana Mwitaliano, kama Mswahili, hutaja umri kwa kusema kwamba "ana miaka" kadhaa.

Mwalimu anaweza kuanzia kwenye Kiingereza chenyewe. Katika *black cat*, sauti *k* mbili zinazokutana hutamkwa kwa kufunga pumzi mara moja, kusubiri kidogo, kisha kuachia. Mwanafunzi akiuhamishia muda huo wa kusubiri ndani ya neno *sacco* 'gunia', atakuwa amepata konsonanti ndefu bila kujifunza sauti mpya.

Kwa mwanafunzi na mfasiri wa Kiswahili

Upande wa irabu, Mswahili ana nafuu: irabu zake tano hazififii, na silabi zisizo na mkazo za Kiitaliano nazo hutumia irabu tano. Upande wa konsonanti hana nafuu hiyo, isipokuwa pengine kama amezoea kusoma Kiarabu, lugha ambayo nayo hutofautisha maana kwa urefu wa konsonanti.

Hapo ndipo mfasiri anapaswa kujihadhari na neno *shadda*. Katika maandishi ya Kiarabu, shadda ni alama ya konsonanti iliyorudufishwa. Katika isimu ya Kiswahili, ni mkazo wa silabi. Kuandika kwamba *palla* "ina shadda kwenye *l*" kutamchanganya msomaji. Ni afadhali kusema kwamba *l* hiyo ni ndefu, na neno *shadda* liachiwe mkazo.