KIANGAZI KIMEINGIA: LIKIZO YAKO UTAITUMIA WAPI?



Mvua zimekwisha. Hapa Malawi, Aprili ikimalizika, mahindi huwa yamekauka mashambani, tumbaku inapelekwa mnadani Kanengo, na barabara za udongo zinaanza kupitika tena. Ni wakati huu ndipo wanachama wengi wanapofika kwa wajumbe wa matawi kuuliza habari za likizo. Wengi huuliza, “Nina siku ngapi?” Wachache sana huuliza, “Niende wapi?” Leo tunataka kujibu maswali yote mawili.

Likizo si zawadi

Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 inasema kwamba mfanyakazi wa siku sita kwa wiki anastahili likizo yenye malipo isiyopungua siku 18 za kazi kwa mwaka. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki anastahili siku 15. Wenzetu wa Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, wanapata siku 28 mfululizo, na wa Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, siku 21 za kazi.

Siku hizi hazikuletwa na huruma ya tajiri yeyote. Mathalan, huko Ufaransa, katika Mei na Juni ya mwaka 1936, wafanyakazi waligoma na kukaa ndani ya viwanda vyao mpaka serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Waziri mdogo Léo Lagrange akaagiza tiketi za treni za wafanyakazi zipunguzwe bei. Kiangazi kile watu waliozaliwa na kuzeeka karibu na moshi wa viwanda waliiona bahari kwa mara ya kwanza, wengine wakienda kwa baiskeli. Juni hiyohiyo, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 52 juu ya likizo yenye malipo. Wakati ule zilikuwa siku sita tu kwa mwaka. Mkataba Namba 132 wa mwaka 1970 ulizifikisha wiki tatu, na ukasema wazi kwamba mapatano ya kumfanya mfanyakazi aiache likizo hiyo ya chini kwa kulipwa fedha hayafai.

Na sisi tunafanya nini? Tunaiuza! Tumekutana na wenzetu wa shamba moja ambao kwa miaka minne mfululizo walitia sahihi karatasi ya kupokea fedha badala ya siku. Fedha zililiwa kwa wiki moja, na mgongo haukupumzika hata siku moja. Mashine ya kiwandani ikifanya kazi mwaka mzima, fundi huisimamisha aipake mafuta. Mtu je?

Kwa nini wakati huu

Mtu akisikia neno utalii hufikiri ni mambo ya wageni wenye kofia kubwa na kamera. Lakini nchi hii imelimwa na kujengwa kwa mikono yetu, nasi tuna haki ya kuiona.

Miezi ya Mei na Juni ndiyo mizuri kuliko yote. Vijito bado vina maji, majani hayajawa makavu kabisa, na hewa ni safi, hivi kwamba ukisimama mlimani unaona mbali. Ukingoja mpaka Septemba au Oktoba, moshi wa moto wa porini hufunika vilima na joto huwa kali. Tena kuna sikukuu za kukusaidia kurefusha likizo yako: Mei Mosi, Mei 14, na Julai 6 ambayo ni siku ya Uhuru.

Hatutazungumza juu ya Senga Bay, kwa maana kila mtu wa Lilongwe anaijua. Tutataja mahali ambapo wengi hupita bila kusimama.

Dedza: michoro ya mawe ya Chongoni

Dedza iko kama kilomita 85 kusini ya Lilongwe, juu ya barabara kuu ya lami, na minibasi haziishi. Karibu na hapo ndipo penye vilima vya Chongoni, ambako kuna mahali 127 penye michoro juu ya miamba. Mwaka 2006 UNESCO iliviingiza vilima hivi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Michoro myekundu ni ya Batwa, wawindaji waliokaa hapa kabla ya wakulima. Ile myeupe ni ya Wachewa, na mingi ilichorwa na wanawake kwa ajili ya unyago wa wasichana. Desturi ya kuchora iliendelea mpaka karne ya 20, na mpaka leo baadhi ya miamba ile inaheshimiwa kwa mila. Kwa hiyo nenda na mtu wa kukuongoza, wala usiguse michoro kwa mkono.

Chukua sweta. Dedza ni mji wa mlimani, na baridi ya Juni hapo haina mchezo.

Ukiwa na siku ya pili, teremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka misheni ya Mua, iliyoanzishwa mwaka 1902. Hapo kuna kituo cha Kungoni, kilichoanzishwa mwaka 1976 na Padre Claude Boucher, ambacho kimefundisha wachonga vinyago wengi. Kuna pia makumbusho ya Chamare yanayoeleza mila za Wachewa, Wangoni na Wayao. Kwa mtu anayefanya kazi kwa mikono, kumtazama fundi akitoa sura ya mtu ndani ya gogo ni mapumziko ya kweli.

Dzalanyama: yatokako maji ya mjini

Kusini-magharibi ya Lilongwe, kuelekea mpaka wa Msumbiji, kuna msitu wa Dzalanyama. Mto Lilongwe unaanzia huko, na mabwawa mawili ya Kamuzu yanayonywesha mji yanajazwa na mto huo. Wazee wa Kichewa husimulia kwamba katika vilima hivyo, mahali paitwapo Kaphirintiwa, ndipo watu na wanyama waliposhuka kutoka mbinguni pamoja na mvua ya kwanza, wakaacha nyayo zao juu ya mwamba uliokuwa bado laini.

Msitu umeumizwa sana na wakata mkaa. Mfanyakazi anayelalamika kwamba mfereji wa mtaani kwake umekauka angefaa aende akaone chanzo chake. Minibasi hazifiki huko. Kusanyikeni watu kumi au zaidi, mkodi matola. Ulizeni kwanza ofisi ya misitu juu ya njia na usalama.

Kwa wale walio upande wa Dowa, mlima wa Ntchisi uko karibu zaidi. Una mabaki ya msitu mnene wa asili usiokauka majani, na siku yenye anga safi ziwa huonekana kutoka juu.

Nkhotakota: mahali Kiswahili kilipofika zamani

Mji huu, ulio kando ya Ziwa Malawi, unatuhusu sana sisi tunaosoma ukurasa huu wa Kiswahili. Katika miaka ya 1840 alifika hapo mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, akajifanya mtawala kwa jina la Jumbe. Alileta dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili. Alileta pia biashara ya watumwa. Watu walikusanywa hapo, wakavushwa ziwa kwa majahazi, kisha wakaongozwa kwa miguu, wamefungwa, mpaka Kilwa. David Livingstone alifika mwaka 1861 akaiona biashara hiyo kwa macho. Mwaka 1889 Mwingereza Harry Johnston alifanya mkataba na Jumbe wa wakati ule, na baadaye utawala wa akina Jumbe ukaisha.

Leo Nkhotakota ni mji mtulivu wa wavuvi na wakulima, wenye misikiti na kanisa la zamani la Waanglikana. Ukisimama pwani ya ziwa jioni, kumbuka kwamba hapo walipita watu waliofanyishwa kazi bila mshahara, bila siku ya kupumzika, wala njia ya kurudi nyumbani. Chama cha wafanyakazi kilizaliwa duniani ili mambo kama hayo yasirudi kwa jina jingine.

Nyuma ya mji kuna hifadhi ya wanyama ya Nkhotakota. Majangili walikuwa wameimaliza, lakini katika miaka ya 2016 na 2017 karibu ndovu 500 walihamishiwa huko kutoka Liwonde na Majete. Wenzetu wa mashamba ya miwa ya Dwangwa, kaskazini ya mji, wanapita njia hiyo kila wanapokwenda Lilongwe. Safari hii shukeni.

Dzaleka: kuwatembelea jirani

Sasa tunafika kwa jirani zetu. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Fuata barabara ya kaskazini kupita Lumbadzi, kisha ushike njia ya Dowa.

Zamani palikuwa gereza ambamo serikali ya chama kimoja iliwafungia wapinzani wake. Jina lenyewe kwa Kichewa lina maana kama ya mtu anayesema, “Sirudii tena.” Mwaka 1994, mwaka uleule Wamalawi walipopiga kura ya vyama vingi, pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu 10,000 mpaka 12,000. Leo wanaishi zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, na pia Warundi, Wanyarwanda, Wahabeshi na Wasomali. Sokoni utasikia Kiswahili kila upande. Kuna mafundi cherehani, vinyozi, maseremala, wauza vitenge, kwaya na wapiga ngoma wa Burundi. Kuna Redio Yetu. Na tangu mwaka 2014 kuna Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo ajulikanaye kama Menes La Plume, ambalo huvuta maelfu ya watu kutoka nje ya kambi. Tamasha hilo kwa kawaida huwa kuelekea mwisho wa mwaka, lakini soko halingoji tamasha.

Hatuendi huko kuwatazama watu kama ndovu wa hifadhini. Tunakwenda kuwaamkia, kununua kwao, kula kwao, na kusikia habari zao. Pigeni hodi kwanza kwa ofisi ya kambi na kwa wenyeji wenu.

Na habari yenyewe ni hii. Malawi ilipokubali mwaka 1987 mkataba wa dunia juu ya wakimbizi, iliweka masharti juu ya haki ya kufanya kazi na ya kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kuchuma mjini warudi kambini, na wengi waliondolewa kwa nguvu. Mkimbizi anayetaka kutoka hutakiwa awe na kibali. Basi yupo mtu Dzaleka anayepita siku nzima akifanya ganyu katika shamba la jirani kwa malipo asiyoweza kuyadai mbele ya mtu yeyote. Hana likizo kwa sababu mbele ya sheria hana kazi. Mahali pote tulipopataja juu, yeye haruhusiwi kwenda bila karatasi.

Wengine watasema hayo hayatuhusu. Yanatuhusu. Mwajiri akipata mtu asiyeweza kudai, bei ya jasho la kila mtu hushuka. Mwaka 1992 Chakufwa Chihana, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Lilongwe aliporudi kudai demokrasia. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa viwanda vya Blantyre waligoma. Haki tulizo nazo leo zilipita njia hiyo, na ni aibu tukizifungia ndani yetu wenyewe.

Kabla ya kuondoka

Kwanza, omba likizo kwa maandishi, mapema, ubaki na nakala. Ukikataliwa, mpelekee mjumbe wa tawi nakala hiyo.

Pili, usikope katapila kwa ajili ya safari. Anzeni kibati cha tawi tangu Januari, kila mtu kidogo kidogo. Watu wengi wakikodi gari moja, nauli hugawanyika.

Tatu, chukua blanketi, na ziwani jihadhari na upepo wa mwera, ambao miezi hii huinua mawimbi makubwa. Usioge penye majani, kwa ajili ya kichocho na mamba. Ukirudi na mashaka, nenda zahanati.

Nne, mwenye kitambulisho achukue kitambulisho. Ndugu wa Dzaleka, usitoke bila kibali. Hatutaki likizo ya mtu imalizikie polisi.

Tano, wachukueni wake, waume na watoto. Mtoto anayemwona mzazi wake akipumzika kwa haki atajua kuidai yake akiwa mkubwa.

Tunawaomba wajumbe wa matawi waandike majina ya wanachama ambao hawajapumzika kwa mwaka mzima, wayalete kwenye mkutano wa mwezi. Na tawi litakalofika Dzaleka kiangazi hiki lituletee habari, tuzichapishe hapa.

Umoja ni nguvu.